Doti ya Chausiku

Sogeeni karibu. Sinia la mihogo liko katikati yetu, lakini hakuna kuonja mpaka nimalize. Wewe mwenye mkono mrefu, nakuona.

Mji wa Mkwamba ulikuwa na watu wa kila imani, na wasio na imani yoyote. Desturi yao ilikuwa moja: sheria haikuwa sheria mpaka wajumbe watatu wa baraza wamalize pamoja sinia la pilau. Mmoja akiondoa mkono, basi tena. Kwa sheria ya kutoa mimba walikuwa wameondoa mikono miaka minne, na paka wa mji wakanenepa kwa makombo.

Bi Perpetua, kiongozi wa kwaya, alijaliwa msimamo. Kwake uhai ni uhai tangu siku ya kwanza. Nyanzala, mkunga, alijaliwa kusema kweli hata ikichoma. Kwake mwenye mimba ndiye mwenye uamuzi. Ustadhi Kombo alijaliwa masikio. Alikusikiliza mpaka ukachoshwa na maneno yako mwenyewe.

Siku moja pilau ikaja imeungua.

"Nani kapika hii?" akauliza Bi Perpetua.

"Mimi," alijibu Makame, ambaye mkewe Chausiku ndiye mpishi wa baraza. "Mwenzangu kalazwa. Moyo wake hauwezi kubeba mimba hii. Daktari anajua la kufanya, ila anaogopa kufungwa. Anawasubiri nyinyi."

Watatu wale walikuwa wamekula mapishi ya Chausiku miaka yote ile. Waliona aibu.

Nyanzala akaanza. "Nilitaka mwanamke aamue wakati wowote. Haya, nakubali uwekwe mpaka: miezi mitatu. Ikizidi, iwe kwa hatari ya mama tu. Inaniuma, lakini nakubali."

Bi Perpetua alilia waziwazi. "Sitasema kamwe kwamba ni jambo dogo. Lakini mama akiwa hatarini, aokolewe hapohapo. Na muuguzi ambaye dhamira yake inakataa asilazimishwe, ila amwite mwenzake upesi. Hiyo miezi mitatu yako, Nyanzala, siipendi hata kidogo. Ila mkono wangu siuondoi."

Ustadhi Kombo akafungua kinywa mwisho. "Mmoja anaogopa mama ataachwa, mwingine anaogopa mtoto ataachwa. Basi tuongeze: anayetaka kuzaa na hana uwezo, mji umtunze yeye na mwanawe. Hiyo miezi mitatu itanitoa jasho mbele ya waumini wangu Ijumaa, lakini nitasimama nayo."

Wakala. Ukoko ulimkwama Bi Perpetua kooni, Nyanzala akampiga mgongo huku akicheka, na Ustadhi akafuta sinia kwa kidole. Kabla hawajanawa mikono, Makame alishafika hospitali kumwambia daktari.

Baada ya siku arobaini Chausiku alikuja barazani kwa miguu yake, na mji mzima ukampigia vigelegele.

"Mtoto wangu nimemlilia," alisema, "na nafurahi kuwa hai. Yote mawili ni kweli."

Mkononi alikuwa na doti ya kanga. Huko Mkwamba, doti ya shukrani haikatwi, hupewa mtu mmoja tu. Kila mjumbe akamwonyesha mwenzake kwa kidole.

Makame akakohoa. "Na aliyeunguza pilau je?"

Watu wakacheka, lakini Chausiku bado amesimama pale na doti yake, mkono umeanza kuchoka.

Haya, ingekuwa wewe, ungempa nani? Semeni. Na hii mihogo haiguswi mpaka tukubaliane sote.