Mfalme wa Mji Usio na Watu

Hapo zamani za kale, wanangu, kale ile ambayo hata wanyama walikuwa na simu, ukame uliwatawanya majirani wa bonde moja, kila mmoja upande wake. Ndipo Pimbi, mdogo kuliko wote, alipowakusanya kwenye kundi la simu. Kila jioni walitunga hadithi pamoja: kila mmoja alichagua mhusika wake na kumsemea.

Mzee Kobe alikuwa mjane, anaishi peke yake. Katika hadithi alikuwa mganga mwenye binti. "Bila jioni hizi," alimwambia Pimbi, "hakuna anayeniita kwa jina."

Kisha akaingia Nyati. Shujaa wake hakushindwa na yeyote. Korongo, aliyekuwa baharia katika hadithi, alizamishwa na shujaa huyo majini, chubwi! Kesho yake Nyati akaandika, "Nimemuua binti wa mganga."

Jioni iliyofuata Kobe hakuonekana kabisa kundini.

Pimbi aliumia sana. Nguvu za kumfukuza Nyati hakuwa nazo. Akampigia simu kila mmoja kando, Kobe wa kwanza, wakanong'onezana. Kisha akaandika kwenye kundi:

"Ndugu zangu, tuanze hadithi mpya. Sharti ni hili: ukishachagua nafasi, hutoki humo mpaka wenzako wakukubalie. Kaka Nyati, wewe mkubwa, tangulia."

"Mfalme," akajibu Nyati. "Mji wote wangu, na kuta zake."

"Umepata, kaka."

Kobe akawa mchunga mbuzi wa jangwani, ana binti mwenye homa. Korongo akawa mchimba visima huko huko. Pimbi akachagua kuongoza msafara.

"Njooni mnisujudie," Nyati akaamuru.

"Nani aje, mfalme?" akauliza Pimbi. "Mjini hamna mtu."

Jioni baada ya jioni Nyati aliwasoma wenzake wakivuka mchanga, wakigawana maji, wakimwombea mgonjwa. Amri zake hazikuwa na wa kuzitii. Mwishowe akauliza, "Mzee Kobe, yule binti, homa imepungua?"

"Bado. Na mikono yangu imechoka kumbeba."

"Mfalme ameweka taji chini. Anaomba kumbeba yeye, mkikubali."

Jibu lile halikuwa la Pimbi. Wote wakamngoja Kobe, naye kwa kuandika ni mzito.

"Njoo," akaandika Kobe. "Mshike taratibu, mgongo unamuuma."

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu: katika hadithi ya wengi, nafasi bora ni ile inayowapa wenzako nafasi.