Mikrofoni Iliyoachwa Wazi

Ndugu zangu katika imani, mfano wa leo nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msiende kuutafuta kwenye taarifa ya habari.

Kulikuwa na nchi moja ya Waarabu yenye mtawala mkali. Ukimsema vibaya asubuhi, jioni uko jela. Wapinzani wake wakakimbilia nchi za mbali, na huko wakaunda muungano. Chama kimoja kilikuwa cha daktari, kingine cha sheikh, na cha tatu cha kanali aliyeasi jeshi.

Nyumbani wakabaki watu. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja muoka mikate, ambaye mumewe yuko gerezani. Muungano ukawatumia watu ujumbe wa siri: tutatangaza redioni siku ya kufunga maduka nchi nzima, mpaka wafungwa waachiwe. Wote wakifunga siku moja, askari hawatawaweza. Wakifunga wachache, hao wachache wamekwisha.

Jirani wa yule mama, muuza vitambaa, akamwambia, "Dada, nikiisikia tu hiyo siku, nafunga."

"Wewe? Hata paka wa kituo cha polisi unampisha njia."

"Basi utaona."

Siku ya matangazo ikafika. Baada ya alasiri majirani wakajibana nyuma ya tanuri la yule mama, redio wameifunika gunia la unga. Wakasubiri hotuba. Kumbe kule ughaibuni, studioni, mikrofoni ilikuwa imeshawashwa, na viongozi wale watatu hawana habari.

"Nitatangaza mimi, Daktari. Watu wananijua."

"Wanakujua kwa lipi, Kanali? Juzi tu ulikuwa unampigia saluti huyo huyo mtawala."

"Jamani, mniachie mimi sheikh wenu niseme hiyo Jumamosi, tumalize."

"Jumamosi ipi, Sheikh? Ni Alhamisi."

"Alhamisi ya chama chako. Sisi hatukuulizwa."

Wakavutana hivyo hivyo mpaka muda wao ukaisha, ukapigwa muziki. Nyuma ya tanuri hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mtawala naye alikuwa anasikiliza. Mkuu wake wa usalama akauliza, "Mheshimiwa, wakirudi hewani tuwavurugie masafa kama kawaida?"

"Ya nini? Wawekeeni vipaza sauti sokoni, wasikike vizuri."

Alhamisi ikafika. Kuna waliofunga huku na kule, na kuna waliosema wanangoja Jumamosi. Katika mtaa ule alifunga mama peke yake. Muuza vitambaa alifungua duka lake, akawa anakunja vitambaa vilivyokwisha kunjwa. Askari walipofika wakamuuliza mama, "Nani amekuambia ufunge?"

Akasema, "Sijui, baba. Walikuwa wanasema wote kwa pamoja."

Wakampeleka kule kule aliko mumewe, na hakwenda kumtembelea.

Sasa nawauliza, nani alimtia ndani yule mama? Mtawala, naam. Dhalimu ni dhalimu, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini wale watatu je? Walikuwa na haki mkononi, na walimchukia dhalimu kweli kweli. Ila kila mmoja alitaka ukombozi utoke kinywani mwake.

Tusiwacheke. Mwaka huu, katika mtaa wetu huu, Idi ilikuwa lini? Msikiti huu ulitangaza mwezi umeandama. Ule wa ng'ambo ya barabara ukatangaza bado. Vipaza sauti vikajibizana usiku kucha. Kuna dada aliyekuwa amesilimu kabla tu ya Ramadhani, mnamjua, yule anayeuza maandazi pale stendi. Alitoka nje akauliza, "Kesho ni Idi au siyo?" Tukamjibu. Tukamjibu sote kwa pamoja. Je, kuna aliyemwona tena kwenye safu za wanawake?

Shetani alihitaji kutuzima sauti sisi? Alituacha tuseme.

Simnyooshei mtu kidole, na mimi nimo. Wazee wa msikiti ule wa ng'ambo nimewaalika, wale pale wameketi mlangoni. Baada ya swala tusitawanyike, tukae nao, tukubaliane mwezi utangazwe na sauti moja. Na si lazima iwe yangu.