Shamba la Mbodze Hulimwa Kwanza

“Eti nisubiri! Eti shamba la Mbodze hulimwa kwanza! Kwani mumewe ndiye wa kwanza kukatika mguu?”

Ndivyo alivyofoka Nyamvula, wajukuu zangu, jembe begani. Mji ule, mvua ikinyesha, watu wote walianza kulima kwa Ngumbao, mumewe Mbodze, aliyerudi vitani na mguu mmoja, ndipo wageukie mashamba yao. Nyamvula kijicho kikamkaba mpaka uji haushuki.

Akaliendea zimwi la kisimani, lile lililosemekana huwapa watu watakacho. “Nataka alicho nacho Mbodze.”

“Chote?”

“Chote.”

“Chote kabisa?”

“Chote!”

“Hata cha ndani?”

“Zimwi gani wewe, kiziwi? Chote!”

Likamnywesha maji.

Kurudi, shamba lake limejaa majembe na nyimbo. Akapiga vigelegele, akimtafuta Mbodze kwa macho ili amkere. Jua likazama, watu wakaenda zao. Akaingia ndani, akamkuta mumewe Chengo ana mguu mmoja, anatetemeka, anapiga kelele, “Laleni chini! Wanakuja!” Nyamvula akamshika, akasukumwa ukutani. Nje hakuna jembe, hakuna wimbo.

Hodi! Ni Mbodze.

“Usimshike, mwenzangu. Kaa mbali kidogo, umwite jina lake polepole. Akili itamrudia.”

“Na wewe hufanya hivi kila siku?”

“Kwani ulidhani tunalimiwa kwa ajili ya mguu tu?”

Mvua iliyofuata, Nyamvula ndiye aliyetangulia na jembe kwa Mbodze. Basi nanyi mkifika kwenu, mkimsikia anayeuliza kwa nini asubiri, msimulieni haya.