Bi Ngiri na Vifuniko vya Bi Kindi

Paukwa.

*Pakawa.*

Mbona mnaitika kama midomo mmeazima? Paukwa.

*Pakawa.*

Chungu kina nini?

*Kina kifuniko.*

Na kifuniko kina nini?

*Kina mwenyewe.*

Haya, mwenyewe ndiye ninayekuja naye, tulieni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole. Hadithi hii ina sauti ndogo ndani yake, usije ukaimeza pamoja na maganda.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana chupa za kioo zilikuwepo, aliishi Bi Ngiri. Shingo nene, pembe mbili mdomoni, na kijicho kisicholala. Jirani yake alikuwa Bi Kindi, kidogo hivi, wa kuenea kwenye kikapu. Bi Ngiri hakuwa na haja ya kitu mpaka akione kwa Bi Kindi. Bi Kindi akipata ufagio, Bi Ngiri anataka ufagio. Bi Kindi akipata mafua, Bi Ngiri anauliza ameyapata wapi.

Kwao embe zilikuwa tele, lakini embe zina siku zake. Zikiisha, ukame unaingia, ardhi inakuwa ngumu, pua ya Ngiri haichimbi na jino la Kindi halipati kokwa. Wakati huo anayekula ni mwenye embe za chupa. Asiye nazo analamba midomo mpaka mvua, na wako waliolamba wasiione hiyo mvua.

Sasa, mwenye shamba mmoja alihama, akaacha jikoni chupa za mdomo mpana na marundo mawili ya vifuniko. Rundo la kwanza ni vya bati, vyembamba, vinang'aa. Rundo la pili ni vizito, vimepauka, kila kimoja na pete ya mpira mwekundu ndani yake. Bi Kindi alikuwa ameishi juu ya dari la nyumba ile. Alikuwa akimwona mke wa mwenye shamba kila msimu: vya bati akishavifungua anavitupa, vya mpira anavua pete, anaosha, anaweka. Bi Kindi alijua. Bi Ngiri hakujua, ila alijua kusimama mlangoni akaujaza.

Chupa waligawana sawa. Kwenye vifuniko Bi Kindi akaviendea vya bati mbio, akavikumbatia, akavibusu mwaa.

"Hivi ndivyo vyangu," akasema. "Tazama vinavyong'aa, kama uso wa bibi arusi. Vile vizito chukua wewe, shoga, una nguvu za kuvibeba."

Bi Ngiri roho ikamchoma, cho! Hakuvitaka vya bati kabla ya lile busu. Sasa alivitaka hadi masikio yakamwasha.

"Kwa hiyo mimi ndiye punda wa mizigo?" akasema. "Lete vya bati."

"Niachie hata nusu, shoga yangu."

"Hata kimoja."

Bi Kindi akalia nusu chozi, akajitwika vile vizito, akaondoka. Kule njiani alichekea mkiani.

Msimu ule wote wawili walipika. Embe na sukari guru, chupani, kifuniko juu, chupa ndani ya sufuria la maji yanayochemka, kisha nje zipoe. Chupa ikipoa, kifuniko kinajivuta chini, kinasema *ti*. Kikisema ti, kimeshika, hewa haiingii. Kisiposema ti, embe zitachacha. Kwa Bi Ngiri vikasema ti, ti, ti. Kwa Bi Kindi vikasema ti, ti, ti. Ukame ukaja, wakala, ukapita.

Msimu wa pili Bi Ngiri akachukua vifuniko vyake vilevile, ambavyo alikuwa amevibandua kwa pembe mpaka vikapinda. Akapika, akatoa, akakaa masikio juu.

Kimya.

Akangoja. Kimya. Baada ya siku chache embe zikaanza kutoa povu, chupa zikapasuka, puu, puu, inzi wakafanya arusi.

Bi Ngiri akaenda kwa jirani mkia juu kama fimbo. Akamkuta Bi Kindi hajapika bado. Ameosha chupa, ameosha vile vifuniko vyake vya mwaka jana, ameviinamisha juani, na vyote vizima kama jana vimezaliwa. Bi Ngiri alivitazama mpaka mate yakawa machungu. Mbona vya huyu havizeeki? Kwa nini yeye, kila siku yeye?

"Nataka vifuniko hivyo," akasema. "Na chupa zake, maana zangu zimepasuka."

Bi Kindi akatupa jicho njiani. Bi Kanga alikuwa pale anadonoa, yule ambaye ukimwambia jambo asubuhi, mchana linarudi kwako limevaa viatu.

"Unaazima, shoga?" akauliza Bi Kindi kwa sauti kubwa. "Azima, jirani hanyimwi chombo."

"Haya, naazima," akasema Bi Ngiri, ili wayamalize. Kisha akaona pete nyekundu zimejaa mikononi mwa Bi Kindi mpaka kwenye viwiko. "Na hizo?"

"Hizi bangili zangu za mpira. Wenye bahati wanavaa dhahabu, mwenzako navaa mpira, na unaniwasha, usiulize. Nionee huruma tu."

Bi Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. Siku ile moyo wake ulipata baridi kidogo. Kumbe kuna kitu cha Bi Kindi cha kusikitikia. Akabeba chupa na vifuniko, bangili akamwachia.

Akarudi kwenye miembe, akaisugua kwa mgongo, pukutu pukutu, embe zote chini. Akazoa zake, akazoa na za Bi Kindi. Miti ikabaki majani matupu. Sasa Bi Kindi alikuwa hana embe, hana chupa, na ukame ule unakuja.

Bi Ngiri akapika, akatoa, akakaa masikio juu.

Kimya.

Akabonyeza kifuniko kwa ukwato. Kikasema *fyuu*. Cha pili, fyuu. Cha tatu, fyuu.

"Kanipa vilivyokufa," akasema. "Nitamrudishia uchafu wake."

Akala embe alizoweza, akamwaga nyingine sufuriani, akatoka na chupa tupu. Njiani yuko nani? Bi Kanga.

"Keke keke keke! Bi Ngiri, unarudisha chombo cha jirani kitupu? Mbona Bi Kindi alinirudishia kibakuli changu kimejaa karanga? Ama kweli malezi hayanunuliwi."

Hapo ndipo alipomshika penyewe. Kushindwa na Bi Kindi kwa shibe angeweza kuvumilia. Lakini asifiwe Bi Kindi kwa adabu, halafu yeye, pande la mama, aitwe asiyelelewa? Akageuka mbio. Akajaza chupa zote mpaka shingoni. Na moyoni akajituliza: hazitakaa, zitaoza kwake, na inzi wawe wake.

"Shoga, vyombo vyako," akasema alipofika, kwa sauti ya kumfikia Bi Kanga. "Havikurudi vitupu."

"Ahsante, shoga yangu. Mkono wako haujui kunyima," akasema Bi Kindi. Sufuria lake lilikuwa motoni tayari, maji yanatokota.

Bi Ngiri akaaga, lakini hakwenda mbali. Alikaa nyuma ya kichaka apate kusikia kimya cha mwenzake, maana kimya cha mwenzake kingemfariji kuliko shibe. Maji yakatokota. Chupa zikatoka. Akatega sikio.

*Ti.*

Bi Ngiri akadhani ni mdudu.

*Ti. Ti. Ti ti ti ti.*

Akarudi mbio, akasimama mbele ya chupa zilizojipanga, zimefunga kabisa, na embe za miti yote zimo. Kuzichukua hakuweza. Zawadi haidaiwi, na Bi Kanga alikuwa ameshapanda juu ya kisiki aone vizuri. Akazitazama chupa. Akamtazama Bi Kindi. Mikono ya Bi Kindi ilikuwa mitupu.

"Shoga," akasema polepole, "bangili zako ziko wapi?"

"Nimezivua," akasema Bi Kindi. "Zilikuwa zinanibana."

Haya, wenye masikio. Watu wengine hapa watawafundisha kwamba wivu ni mbaya. Msiwasikilize. Ubaya ni wivu wa nusu. Bi Ngiri angeona wivu kamili kama mtu mzima, akataka na bangili, ukame ule angekula embe. Kwa hiyo ukimwonea jirani kijicho, usichague: mwonee kila kitu, hata kinachomwasha.

Nimefika, miguu imechoka. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni, mimi nina meno.