Baragumu la Bwana Haskett

Nifungue nisifungue?

Fungua.

Ikitoka hairudi.

Iache itoke.

Basi sogeeni. Na wewe Makame toa kidole puani, hadithi haiingilii huko.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa watu, huko Marekani picha za senema zilikuwa bubu. Watu wanaonekana wakicheka, kicheko hakisikiki. Wanapigana, kofi halisikiki. Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi mtaona ni upuuzi, lakini watu walikwenda kutazama midomo ikichezacheza tu, na walitoka pale macho mekundu.

Katika nchi hiyo alikuwako mtu akiitwa Orrin Haskett. Kazi yake ilikuwa kuongoza picha, yaani kuwaambia waigizaji wafanye nini. Alikulia shambani nyuma ya nyumbu wa kulimia, na sauti aliipatia huko, kwa kuwakemea. Juu ya sauti hiyo akaongeza baragumu la bati la kusemea, refu kama mkono wangu. Na kwa kuwa picha haikuwa na masikio, aliongea tangu kamera inapoanza kuzunguka hadi inaposimama. Akisema lieni, wanalia. Akisema kimbieni, wanakimbia. Akisema kufeni, wanakufa, na wanakufa vizuri.

Siku moja alijaza jangwa zima watu na farasi, watu wengi kuliko mnaowaona siku ya gulio. Akapanda juu ya jukwaa la mbao, akatia mdomo kwenye bati, akasema neno moja tu: "Njooni." Wajukuu zangu, jangwa lilinyanyuka. Jangwa lilikuja. Vumbi likalifunika jua, ardhi ikatetemeka hadi meno ya watu yakagongana. Kisha akasema, "Simameni." Likasimama. Farasi mmoja alipiga chafya, basi.

"Bibi, wewe ulikuwapo?"

Sikuwapo, Makame. Wala hukuwapo unga wako uliposagwa, na uji umeunywa.

Haya. Wakaja mafundi na mashine ya kunasa sauti. Mashine hiyo ilisikia kila kitu: kiatu kikilia, tumbo la mwenye njaa likinguruma. Hata kamera yenyewe, kwa sababu ilivuma kama nyuki, ilifungiwa ndani ya kibanda cha mbao pamoja na mpiga picha wake, naye akitoka humo ameloa kama nguo ya kufua. Wote wakanyamaza. Haskett hakuweza. Mdomo wake ulizoea kazi.

Picha yake ya kwanza yenye sauti ikaonyeshwa. Mama ameinamia mtoto mgonjwa, ukumbi mzima umetulia, na mara ndani ya picha likasikika baragumu la Haskett likisema: "Chozi, Verna. Sasa lingine." Watu walicheka hadi wakaanguka vitini.

Mwenye kiwanda cha picha, tajiri Dunleavy, akamwita.

"Haskett, nakupa picha moja. Sauti yako ikisikika tena humo, hata kikohozi, urudi kwa nyumbu wako."

"Nyumbu walikuwa wakinisikiliza."

"Vizuri. Wape salamu zangu."

Ikafika siku ya tukio kubwa la picha hiyo. Mama anamuaga mwanawe stesheni, kijana anakwenda vitani. Mama ni yule yule Verna, Verna Pruitt, aliyeigiza chini ya baragumu la Haskett tangu usichana wake. Tajiri amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Haskett akaliweka bati chini. Kamera ikazunguka. Haskett kimya. Na Verna? Kasimama kama nguzo ya uzio. Wakarudia. Nguzo. Wakarudia tena. Nguzo ile ile.

"Verna, una nini leo?"

"Sikusikii."

"Hutanisikia. Ndiyo amri."

"Basi tafuta mwingine. Yale machozi yalikuwa yako, Bwana Haskett. Mimi nilikuwa nayatoa tu."

Haskett akamtazama mwanamke yule, akamtazama tajiri mlangoni. Kisha akavua kofia, akavua koti, akaenda kupiga magoti chini ya kibanda cha kamera, mahali ambapo Verna angemwona. Akaonyesha kwa mkono waanze.

Sasa sikilizeni vizuri. Lile jitu, masharubu ya rangi ya tumbaku, likawa mama. Lilimshika kijana asiyekuwapo, likamfunga kifungo cha shingoni. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Mishipa ya shingo ilimsimama kwa maneno aliyoyameza. Mafundi waliisahau mitambo yao wakamkodolea macho. Na Verna akaanza. Mkono wake ukafuata mkono wa Haskett, jicho likafuata jicho, sauti ikamtoka: "Funga koti, mwanangu. Huko kuna baridi."

Halafu, katikati, Verna akaacha kumtazama.

Akageukia reli. Treni imeondoka, yeye anatazama reli tupu, na analofanya sasa hakuonyeshwa na mtu. Haskett bado yuko magotini, mikono hewani, haongozi tena kitu. Ilimpasa aseme kateni, yaani kamera isimame. Hakusema. Mashine ikanasa ule ukimya hadi utepe ukaisha.

Tajiri akaja. "Pale mwisho hakuna neno hata moja. Paondolewe."

"Ukipaondoa, nakwenda kwa nyumbu leo hii."

Tajiri akamgeukia mpiga picha, aliyekuwa akitoka kibandani anafuta uso. Akatazama vizuri, akaona anachofuta si jasho. Akatia tena mikono mfukoni, akaenda zake.

Picha ikaonyeshwa. Wale wale waliocheka, walipofika kwenye zile reli, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Na Haskett aliongoza picha hadi uzeeni, kimya, hata wageni wakidhani amesinzia. Wakimuuliza alimwambia nini Verna siku ile, anajibu, "Nilimwambia yote. Akaangalia kwingine."

Basi nanyi mnaowapigia wadogo zenu kelele mkiwafundisha kusoma, fundisheni. Lakini siku mdogo wako atakapoacha kukutazama wewe akatazama kitabu, funga mdomo. Kazi yako imekwisha, na umeifanya vizuri.

Nilipoiokota ni pale, ninapoitua ni hapa. Aliyesikia aondoke nayo, asiyesikia aniachie mkeka wangu.