Vikapu Arobaini vya Sungura

"Vikapu arobaini vya mtama? Kwa kazi gani, mzee?" Fisi aliuliza huku akimeza mate.

"Kwa miaka ishirini ya kumshauri mfalme, viwili kila mwaka," Sungura alijibu. "Wewe ni mtunza ghala. Kazi yako kupima, si kuuliza."

Sungura alikuwa amestaafu juzi tu. Masikio yalishaota mvi, na alichotaka sasa ni kibanda chake penye mianzi na chakula cha uzeeni, kama alivyoahidiwa na Simba mwenyewe. Lakini ulikuwa mwaka wa pili wa ukame, na Fisi alikwisha kuvipenda vile vikapu.

Akaukimbilia upenyo uliokuwa katika desturi. Katika dola ile Simba aliitwa Mwana wa Mbingu, na Mwana wa Mbingu hakosei. Mvua ikigoma, kosa ni la mshauri: hunyang'anywa malipo yake na kufukuzwa.

"Mtukufu, ukame huu ni wa Sungura," Fisi alinong'ona. "Nipe mimi cheo chake na vikapu vyake."

Simba, aliyeona aibu kutazamwa na wenye njaa, alikubali upesi. Akamvika Fisi muhuri wa mshauri shingoni mbele ya baraza zima.

Sungura hasira zilimpanda mpaka ndevu zikamcheza. Akazimeza hasira hizo.

"Hongera, Bwana Fisi. Ila vikapu arobaini ni vya miaka ishirini, na wewe una kazi tangu asubuhi. Kobe, mwandikie kiganja kimoja cha mtama."

Kobe, karani wa baraza, akachovya kalamu.

"Kiganja?" Fisi aling'aka. "Mashauri yote ya miaka ishirini yalitoka kichwani mwangu. Huyu alikuwa akiyasema tu."

"Yote, ndugu yangu? Au tutoe hii miaka miwili ya mwisho? Vingebaki vikapu thelathini na sita."

Fisi hakuweza kuviacha vinne. "Usitoe hata mmoja. Hiyo miwili ndiyo iliyonichosha zaidi."

"Kobe, umeandika?"

"Nimeandika," Kobe alisema polepole. "Mshauri wa miaka ya ukame ni Fisi."

Baraza likaangua kicheko. Fisi alitazama mlango, lakini Nyati, mlinzi wa baraza, alikuwa amesimama hapo. Simba, akifurahi kwamba kosa bado si lake, aliuvua muhuri shingoni mwa Fisi, na Nyati akamsindikiza kwa pembe hadi mpakani. Ghala lenyewe hakuruhusiwa kuliaga.

"Mzee Sungura," Simba alisema kwa sauti ya asali, "rudi kazini. Nitakupa joho la hariri na jina la heshima lenye maneno saba."

"Joho linanibana, Mtukufu, na jina halipikiki. Nataka vikapu vyangu arobaini. Leo."