Mkono wa Nyuma

Kabla watu wa Usukuma hawajajua kupokea, kila mtu aliomba kwa mkono mmoja. Wa kulia ulitangulia. Wa kushoto ulibaki mgongoni, na kuuchungulia ilikuwa utovu wa adabu. Naomba tusidanganyane: hawakuwa wakatili. Walikuwa na adabu zao nzuri tu, na ndani ya adabu hizo waliweza kuficha karibu kila kitu.

Ukaja mwaka wa jua kali. Mbegu za mtama zikabaki kwa mtu mmoja tu, Bibi Holo, mjane aliyezitunza kwenye kibuyu chenye majivu. Hazikutosha wote kula na kupanda. Mvua ya kwanza iliponyesha, akatangaza kwamba atampa yule asiye na chochote kabisa.

Watu wakajipanga uani kwake, mkono mmoja mbele, mmoja nyuma. Ajabu, siku ile kila mtu hakuwa na chochote.

Ikafika zamu ya Nkwimba, mama wa watoto wanne. Bila mbegu, shamba lake lingeota magugu tu. Akaleta mbele mkono wa kushoto. Kiganjani mlikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa.

"Bibi, hivi ninavyo," alisema. "Nisikudanganye."

Nyuma yake wakacheka. "Dada, njaa imekula mpaka akili? Haya, nenda nyumbani, umejitoa mwenyewe."

Bibi Holo akachukua kipande kimoja, akakitafuna polepole.

"Umevianika vizuri, mwanangu," alisema. Kisha akawatazama wale wengine. "Haya, na nyie. Mikono yote mbele."

Ikaja shingo upande. Karanga, choroko, nusu ya hindi la kuchoma. Mzee Lutubija alikana kabisa: "Hizi si zangu, nimeshikishwa." Bibi akamwambia basi amshukuru aliyemshikisha, aziweke pale kwenye ungo.

Ungo ukajaa. Chakula kile, kikipikwa chungu kimoja, kingewafikisha wote mwisho wa kupanda, na hakuna ambaye angelazimika kutafuna mbegu zake. Ndipo Bibi Holo akafungua kibuyu. Alianza na Nkwimba, akammiminia kwenye viganja viwili vilivyoungana, na haikudondoka hata punje moja. Kila aliyefuata alipata, kidogo kidogo.

Walipovuna, hakuna aliyemcheka tena Nkwimba. Lutubija ndiye aliyempelekea unga wa kwanza. Alisimama mlangoni na kusema, "Mama, ahsante kwa kutuaibisha."

Na tangu siku hiyo, kwetu mtu akipewa kitu, hata kikombe cha maji, hukipokea kwa mikono miwili. Wapo wanaouita huu unyonge. Hapana. Ni mtu anamwambia mwenzake: nitazame, sijakuficha kitu, na ulichonipa kimenitosha.